Shajara ya mradi: kuikagua Winchester Model 1873 kabla ya kuisafisha

Bunduki inayokaguliwa ni Winchester Model 1873 ya wenzo, yaani mkono wa chini unaoshushwa na kupandishwa ili kupakia, kaliba .44-40, yenye mtutu wa pembe nane wa inchi 24 (milimita 610) na bamba la kitako lililopinda kama mwezi mwandamo. Tunatafuta majibu mawili: iko katika hali gani, na ina mvuto gani kwa mkusanyaji. Majibu hayo hayafuatani kila mara. Bunduki iliyochakaa ambayo haijachezewa humvuta mkusanyaji kuliko inayong'aa kwa kazi ya fundi wa juzi. Ndiyo maana utaratibu wetu ni kusoma kwanza, kufungua baadaye, na kusafisha mwisho kabisa, tena kidogo. Gharama zote ni kwa dola za Marekani.

6 Januari 2024: Je, ina risasi?

Kuiangalia chemba hakutoshi. Bomba la magazini la bunduki hii hubeba risasi 15, na risasi iliyokwama humo haionekani. Shusha wenzo, mulika chemba, kisha mulika mdomo wa bomba. Magazini ikiwa tupu na nzima, utaona kichwa cha kisukumio, kile kikombe kidogo kinachosukumwa na springi. Sisi hatukukiona. Kisukumio kisipoonekana, ichukulie bunduki kuwa imejaa mpaka uthibitishe kinyume chake.

Tulifungua kizibo cha mbele cha bomba kwa kutoa skrubu moja. Vaa miwani ya kazi na ukishike kizibo kwa kitambaa kizito, kwani springi ndefu inakisukuma kwa nguvu. Risasi hazikuwemo. Kisukumio kilikuwa kimekwama kwenye boko, yaani sehemu ya bomba iliyobonyea, karibu theluthi moja kutoka mbele.

Kosa la kwanza lilifuata hapo hapo. Ili kuliinua boko tuliingiza kijiti cha mbao ngumu, na kwa kuwa kilibana tukakipaka mafuta ya kulegeza kutu. Mbao ilinyonya mafuta, ikavimba, ikakwama pale pale kilipokuwa kisukumio. Kuivuta hakukusaidia. Tuliliacha bomba chumba kikavu kwa siku sita, mbao ikanywea, kisha tukakaza skrubu ndefu ya mbao kwenye ncha ya kijiti na kukitoa kwa kukizungusha. Atakayetaka kuliinua boko atumie kipande cha chuma laini kilichosuguliwa, chenye kipenyo pungufu kidogo kuliko bomba. Sisi tuliacha lilivyo. Ni kovu la zamani, na bunduki hii haitarudi porini.

Jambo moja la faida: springi iliyotoka ina waya mwembamba kuliko za zamani na inang'aa. Si ya awali. Imeandikwa.

7 Januari: Picha na namba

Picha 64 zilipigwa kabla ya kitambaa chochote kuigusa bunduki: pande zote nane za mtutu, kila kichwa cha skrubu, kila mwandiko. Vaa glovu za nitrili. Za pamba hunasa kwenye vibanzi vya mbao na huteleza.

Mwandiko wa juu ya mtutu unasomeka wote, unaitaja New Haven na hataza ya King ya tarehe 29 Machi 1866. Ulimi wa juu wa fremu, yaani kipande cha chuma kinachorefuka nyuma hadi kwenye kitako, una "MODEL 1873" pamoja na mapambo yake. Chini ya kipandishi cha shaba ya njano, kile kinachoinua risasi kutoka magazini hadi usawa wa chemba, pameandikwa "44 CAL". Usiruke alama hiyo. Vipandishi huhamishwa kutoka bunduki moja hadi nyingine, na kipandishi cha kaliba tofauti na mtutu ni dalili kwamba umeletewa bunduki ya kuungaunga.

Reli ya kifuniko cha vumbi imechongwa kwenye fremu yenyewe, haikufungwa kwa skrubu wala pini. Hiyo ni alama ya toleo la tatu. Namba ya mfululizo kwenye ulimi wa chini inaiweka katika miaka ya 1880.

Tarehe ya kutengenezwa ina uzito wa kisheria. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1968 huihesabu bunduki kuwa ya kale ikiwa ilitengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, nayo huondolewa katika masharti mengi ya silaha za kisasa. Majimbo yana sheria zao, kwa hiyo zisome za mahali ulipo. Kwa bunduki hii hakuna utata wa mwaka. Kwa Model 1892 na 1894 kuwa mwangalifu, kwa sababu orodha za namba zinazosambaa hazikubaliani na kumbukumbu za kiwandani kuhusu miaka, na tofauti hiyo inaweza kuivusha bunduki mpaka wa 1898.

Siku hiyo hiyo tuliomba barua ya kumbukumbu za kiwanda kutoka Cody Firearms Museum, Wyoming, inakohifadhiwa sehemu ya madaftari ya Winchester. Na hapo tulikosea bila kujua. Tazama 10 Februari.

13 Januari: Ubuluu

Winchester ilipaka fremu, mtutu na bomba rangi ya buluu ya chuma. Nyundo, wenzo na bamba la kitako viliwekewa ugumu wa juu unaoacha rangi za mawingu. Mlango wa kujazia risasi uliunguzwa kwa joto ukawa na buluu kali inayong'aa. Mlango huo ukiwa na weusi uleule wa fremu, bila tofauti yoyote, jiulize kama bunduki haikupakwa upya.

Dalili nyingine za kupakwa upya ni hizi: kingo za pembe nane zilizolainika, matundu ya skrubu yaliyozama kama visahani, herufi zilizofifia upande mmoja, na rangi iliyoingia ndani ya vidonda vya kutu. Hiyo ya mwisho inatosha peke yake. Ubuluu wa awali ulitangulia kutu, kwa hiyo hauwezi kuwa chini ya shimo ambalo kutu ndiyo iliyolichimba.

Asilimia ya rangi tuliikadiria sehemu kwa sehemu. Mtu akikadiria kwa kuitupia macho bunduki nzima, huidanganya nafsi yake kwa sehemu iliyo nzuri.

Fremu: 15, nyingi ikiwa mapembeni na kuuzunguka mlango wa kujazia. Mtutu unaoonekana: 30. Bomba la magazini: 10. Chini ya mbao ya mbele, ambako mkono na hewa havikufika: zaidi ya 90. Sehemu hii iliyofichika haiingii katika hesabu, ila ni shahidi mzuri. Inaonyesha rangi ilivyokuwa, na tukailinganisha na mabaki ya nje. Zinafanana.

Fremu imesuguka zaidi chini, mbele kidogo ya kifyatulio, penye mizani ya bunduki ikibebwa kwa mkono mmoja au kulazwa juu ya tandiko. Mbao za hapo nazo zimelainika. Chuma na mbao vikichakaa mahali pamoja, vimekaa pamoja. Chuma kikichakaa na mbao iliyo jirani yake ikabaki na kingo kali, mbao hiyo ni mgeni.

Kosa la pili: tulijaribu sufi laini kabisa ya chuma, namba 0000, pamoja na mafuta, upande wa chini wa bomba. Wengi huipendekeza kwa kuondoa kutu nyekundu. Baada ya misuguo kumi hivi kitambaa kilitoka cheusi, na eneo la ukubwa wa ukucha likawa la kijivu. Tulikuwa tumeiondoa ile kahawia kavu ya miaka mingi, na pengine rangi iliyokuwa chini yake. Hairudi. Tangu siku hiyo kutu nyekundu tunailowesha mafuta kwa saa 24, kisha tunaikwangua kwa kipande cha shaba kilichochongwa kama ukucha. Shaba ni laini kuliko chuma cha bunduki, nayo hung'oa punje ya kutu ikaacha kilicho chini.

20 Januari: Mbao, skrubu na mabamba ya ubavuni

Mbao ni ya mti wa jozi, ya daraja la kawaida. Pale inapokutana na chuma, mbao ya awali husimama juu ya chuma kwa unene wa karatasi au zaidi. Ikiwa sawa na chuma au chini yake, ilipigwa msasa. Yetu imesimama pande zote isipokuwa nyuma ya ulimi wa juu, upande wa kushoto, ambako kuna ufa wa milimita 31. Ufa wa hapo ni wa kawaida, kwani kitako kikilegea, kila mshtuko hukisukuma chuma ndani ya mbao.

Tulipoteza muda tukitafuta namba za kuunganishia ndani ya kitako, na tulipozikosa tukaingiwa na shaka. Shaka hiyo haikuwa na msingi. Namba hizo ni za kutarajia kwenye bunduki zilizoagizwa na mbao maalumu. Kwa bunduki ya kawaida, kutokuwepo kwake si ushahidi wa lolote.

Skrubu za Winchester zina mifuo myembamba, na bisibisi ya nyumbani yenye ncha ya kabari huigusa mifuo hiyo juu tu, hupanda, kisha huirarua. Seti ya ncha zilizosagwa sambamba iligharimu dola 62, nayo ndiyo matumizi yaliyojilipa haraka kuliko yote. Skrubu mbili kati ya zote zimeraruliwa na mtu wa zamani: ya mabamba ya ubavuni na ya ulimi. Ya ulimi ina kichwa cha mviringo tofauti na picha yoyote ya bunduki ya kipindi hicho. Si ya awali, iliwekwa baadaye.

Mabamba ya ubavuni hushikwa na skrubu moja inayovuka fremu. Ukishaitoa, usiingize bisibisi penye kiungo cha bamba na fremu. Igonge fremu polepole kwa nyundo ya plastiki mpaka bamba lijitokeze lenyewe. Bamba la kushoto lilitaka dakika kumi na tone la mafuta. Juu ya bamba la kulia kuna alama mbili za kuchokonolewa, za mwenye haraka aliyetangulia.

27 Januari: Viungo, pini na kifyatulio

Bolti ya Model 1873, yaani kipande kinachoziba nyuma ya chemba, hufungwa na viungo viwili kila upande, vinavyonyooka kama goti. Haina ndimi nene za kufungia kama za Model 1892 iliyobuniwa na John Moses Browning. Nguvu yote inakaa kwenye pini na matundu yake, na yakilika, bolti inarudi nyuma kidogo risasi inapolipuka. Ganda la .44-40 lina kuta nyembamba, halivumilii nafasi hiyo.

Pima nafasi hiyo kwa geji mbili, vipande vya chuma vinavyoingizwa kwenye chemba badala ya risasi. Kwenye geji ya kupita wenzo unapaswa kufunga bila kulazimishwa. Kwenye geji ya kutopita unapaswa kukataa. Wetu ulikubali zote mbili, ya pili kwa ukinzani mdogo tu. Uamuzi ulitoka hapo hapo: bunduki hii haitafyatuliwa, hata kwa baruti nyeusi. Risasi yake ya asili ilibeba greni 40 za baruti hiyo (gramu 2.6) nyuma ya kichwa cha greni 200 (gramu 13). Kuweka pini nene zaidi kungeirudisha kazini, lakini kungeongeza vipande vipya kwenye orodha ambayo tayari inarefuka.

Pini ya kufyatua iteleze kwa uhuru. Ikiganda ikiwa imejitokeza, fataki, yaani kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda, inaweza kupigwa bolti ikiwa bado inafunga, kabla viungo havijanyooka, na hapo hakuna kinachoizuia bolti isiruke nyuma. Yetu ilikuwa imegandishwa na mafuta yaliyogeuka gundi. Ilifunguka kwa kiyeyushi na subira ya saa moja.

Nusu-koki, yaani nyundo ikivutwa nusu tu, inashika. Kizuizi cha kifyatulio, kile kinachodai wenzo ubanwe hadi mwisho ndipo kifyatulio kitembee, kinafanya kazi.

3 Februari: Ndani ya mtutu

Kwa jicho la kwanza mtutu ulikuwa umekufa: mweusi, mifereji haionekani. Usiliamini jicho kabla ya kusafisha. Mabaki ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kujifunga na madini ya risasi yaliyopakwa na vichwa. Maji ya moto, brashi ya shaba, vitambaa hadi vitoke safi, kisha mafuta mara moja. Vitambaa 70 baadaye mifereji ilijitokeza, mirefu na yenye kingo, pamoja na vidonda vidogo vilivyotapakaa katika nusu ya nyuma.

Tulisukuma tufe la madini laini ya risasi kutoka mdomoni na kulipima kwa maikromita: inchi 0.429 (milimita 10.90) ndani ya mifereji. Kipimo cha kawaida kinachotajwa ni 0.427, lakini mitutu ya zamani ya kaliba hii hutofautiana. Hakuna cha kushtua.

Kwa umbo la chemba tulitumia aloi inayoyeyuka kwa joto dogo, takriban nyuzi 70 hadi 88 za Selsiasi. Ziba mtutu kwa kitambaa mbele ya chemba, mimina, toa ndani ya nusu saa, na upime saa moja baada ya kumimina, kwa sababu aloi hii husinyaa kwanza kisha hurudi kwenye ukubwa wa chemba. Kosa la tatu: tulimimina kupita kiasi, aloi ikafurika hadi kwenye njia ya kipandishi na kukigandisha. Usiichokonoe. Tulielekeza hewa ya moto taratibu hadi ikatiririka yenyewe. Mara ya pili tulitumia bomba dogo la karatasi na nusu ya kiasi. Chemba ni ya mviringo, haikupanuliwa.

10 Februari: Barua isiyo yetu

Barua imefika, na inaieleza karabini, yaani toleo fupi, ya .38-40. Tulikaribia kuandika kwamba mtutu ulibadilishwa, kauli ambayo ingeangusha thamani ya bunduki kwa kiasi kikubwa. Kilichotuzuia ni kwamba ushahidi mwingine wote ulikuwa unakubaliana wenyewe kwa wenyewe: kipandishi, mtutu, uchakavu, rangi iliyofichika. Karabini ingekuwa na bamba la kitako la umbo jingine na mtutu wa mviringo wa inchi 20. Ili barua iwe sahihi ilibidi karibu kila kitu kiwe kimebadilishwa isipokuwa fremu, tena kwa vipande vilivyochakaa sawasawa.

Tulirudi kwenye namba. Chini ya kioo cha kukuza, taa ikiwa imelazwa ubavuni, tarakimu ya nne tuliyoisoma 3 ni 8. Uchafu mgumu ulikuwa umejaza upande wake wa kushoto. Mswaki laini na tone la mafuta vilimaliza ubishi kwa dakika mbili. Hii ndiyo sehemu pekee ambayo ingefaa kusafishwa siku ya kwanza. Tumeomba barua ya pili, kwa gharama yetu, na ni haki.

17 Februari: Risasi bandia

Kupitisha risasi bandia, zisizo na baruti wala fataki, ndiyo njia pekee ya kujua kama mtambo unalisha. Bunduki ilikwama kwenye risasi ya pili. Tulilaumu springi, kisha kipandishi, tukafungua mabamba upya bure. Kosa lilikuwa kwenye risasi zetu.

Kipandishi cha mfumo huu ni kisanduku chenye urefu maalumu. Risasi iliyomo ndiyo inayoizuia ya nyuma yake isiingie. Urefu wa juu wa .44-40 ni inchi 1.592 (milimita 40.4). Bandia zetu zilikuwa na milimita 38.9. Pengo hilo liliruhusu ukingo wa risasi inayofuata kuchungulia ndani ya kipandishi, na kipandishi kikashindwa kupanda. Tulizitengeneza upya kwa milimita 40.2. Kumi zilipita bila kukwama na kutupwa nje zote, pamoja na kwamba springi si ya awali.

9 Machi: Barua ya pili na daraja

Safari hii ni yetu: raifo, .44, mtutu wa pembe nane, kifyatulio cha kawaida, na mwaka unaoangukia pale namba ilipoonyesha. Hakuna maagizo maalumu. Barua huweza kukanusha uongo kuliko kuongeza sifa. Nakshi za kuvutia au maandishi ya "One of One Thousand", alama ya bunduki teule za kiwanda, ambayo kwa Model 1873 yapo kwenye bunduki zisizofika 150, hayana maana bila daftari kuyaunga mkono.

Kwa daraja tulitumia kipimo cha silaha za kale cha NRA, chama cha wenye bunduki cha Marekani. Tulianza tukiwa na uhakika wa "Very Good": rangi ya awali kati ya sifuri na asilimia 30, kingo kali, herufi wazi. Tena kipimo hicho hakijali hali ya ndani ya mtutu kwa silaha ya ukusanyaji, hivyo vidonda havitudhuru. Lakini sharti lake ni vipande vyote viwe vya awali. Tunayo springi, skrubu ya ulimi, na kilengeo cha nyuma, ambacho kilipotolewa kilionyesha alama mpya za nyundo kwenye mfereji wake na ubuluu wa aina nyingine. Vipande vidogo vilivyobadilishwa ni "Good".

Tumeandika "Good". Kwa maoni yetu kipimo hakiitendei haki bunduki hii, kwa sababu kilengeo na skrubu vya kipindi kile hupatikana, na vikirudishwa mahali pake bunduki hupanda machoni pa wengi. Muuzaji atakayefanya hivyo na kunyamaza, hata hivyo, atakuwa anauza hadithi.

Kwa mvuto iko juu kuliko daraja lake. Kaliba ya .44 ndiyo inayotafutwa zaidi katika aina hii, na Colt nayo iliuza bastola ya Single Action Army kwa risasi hiyo hiyo, hivyo mtu alibeba mkanda mmoja kwa silaha mbili. Pembe nane hupendwa. Kahawia ya fremu imetulia, bila doa la msasa, isipokuwa lile la ukubwa wa ukucha chini ya bomba, nalo limeandikwa kuwa letu.

16 Machi: Kuhifadhi na hesabu

Chuma kimefutwa kwa mafuta mepesi, kisha tabaka moja la nta ya kuhifadhia vitu vya kale. Mbao imefutwa kwa kitambaa kikavu tu, ufa haukutiwa gundi. Kilengeo kisicho chake kimerudishwa mahali pake mpaka cha kipindi kile kipatikane. Bunduki imelazwa penye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 50, nje ya mfuko wa ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na chumvi.

Bisibisi dola 62, geji mbili 71, aloi 34, matufe ya risasi 9, mafuta, vitambaa, glovu na nta 41. Jumla dola 217, bila barua. Barua zilikuwa mbili badala ya moja kwa sababu ya tarakimu moja chafu.

Ukaguzi ujao wa kutu ni 15 Juni: mfereji wa kilengeo, chini ya bamba la kitako, na lile doa la kijivu.